SOMO LA WIKI: Kijani cha kwenye kioo si lazima kiwe kijani cha ghalani

Mfanyabiashara mwenye chumba cha baridi cha samaki hana njia ya kujua hali ya chumba hicho saa nane usiku isipokuwa mlinzi amwambie, na mlinzi naye hukitazama kipimajoto cha mlangoni pale tu anapokumbuka. Hapo ndipo biashara ya vihisi ilipoingia. Kifaa kidogo chenye kipimajoto, betri na laini ya simu huwekwa ndani, hupima joto kila baada ya dakika chache, hutuma kipimo kwenye seva, na mwenye mali hufungua ukurasa kwenye simu au kompyuta, popote alipo, akaona mali yake ina hali gani. Ndivyo inavyofanyika pia kwa maghala ya mahindi, matangi ya maziwa, majokofu ya maduka ya dawa, pampu za visima na matangi ya mafuta ya jenereta.

Mnunuzi wa huduma hii, na mwekezaji mdogo anayeombwa mtaji na wanaoiuza, aghalabu huonyeshwa kioo kwanza. Kuna ramani yenye nukta za kijani, kuna vipimo vya mshale kama vya dashibodi ya gari, kuna grafu zinazosogea zenyewe. Vinapendeza, na muuzaji anajua hivyo. Lakini mali huokoka au huharibika kutokana na maamuzi ambayo hayaonekani siku ya maonyesho: ukurasa unafanya nini kifaa kinaponyamaza, unachora vipi mwezi mzima ndani ya upana wa kiganja, na unamwamsha nani usiku. Somo la wiki hii linayapitia maamuzi hayo kwa upande wa mwenye fedha.

Kazi yenyewe si ngeni

Kuchungulia kitu cha mbali kwa kutumia kompyuta kulianza kwa mzaha. Mwaka 1991 watafiti wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili wa ghorofa nyingine wasipande ngazi bure na kulikuta tupu. Mwaka 1993 picha hiyo ikawekwa kwenye wavuti, dunia nzima ikawa inaangalia birika, hadi kamera ilipozimwa mwaka 2001.

Iliyo karibu zaidi na biashara ni programu ya MRTG, aliyoiandika Tobias Oetiker miaka ya katikati ya 1990 kwa ajili ya kupima msongamano wa njia ya mtandao. Kila baada ya dakika tano ilisoma kiasi cha data kilichopita na kuchora grafu ndani ya ukurasa wa wavuti: ya siku, ya wiki, ya mwezi na ya mwaka. Mafundi wa mitandao duniani kote waliipokea kwa kuwa ilijibu swali moja kwa mchoro mmoja. Mwaka 1999 mtu huyo huyo alitoa RRDtool, hifadhi ya vipimo isiyoongezeka ukubwa, kwa kuwa vipimo vya zamani hukusanywa na kufupishwa kadiri siku zinavyopita. Mwaka huo huo wa 1999 Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper walibuni MQTT, utaratibu mwepesi wa kutuma ujumbe kutoka vifaa vya mabomba ya mafuta vilivyounganishwa kwa setilaiti, ambako kila herufi iliyotumwa ilikuwa na gharama. Vifaa vingi vya leo vinazungumza kwa utaratibu huo. Grafana, programu ya kuchora dashibodi inayotumiwa na kampuni kubwa na ndogo, ilitoka mwaka 2014 na hupatikana bila malipo.

Kwa maneno mengine, kuchora si kazi ngumu tena wala si siri ya mtu. Kampuni inayoomba mtaji kwa hoja kwamba inajua kuchora grafu haina cha kuuza.

Kimya si habari njema

Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani, vali moja ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakataa kufunga. Kwenye ubao wa wasimamizi kulikuwa na taa ya vali hiyo. Taa ilizimika, nao wakaamini vali imefungwa. Ukweli ni kwamba taa ilionyesha amri iliyotumwa kwa vali. Haikuonyesha vali yenyewe iko vipi. Maji ya kupozea yaliendelea kuvuja kwa zaidi ya saa mbili kabla ya njia hiyo kuzibwa, na sehemu ya mtambo ikayeyuka.

Kosa la taa ile linarudiwa kila siku kwenye kurasa za vihisi, na namna linavyorudiwa ni hii. Kifaa kilichomo chumba cha baridi kinatuma nyuzi 2 saa 4:00 usiku. Saa 4:05 umeme unakatika, kisanduku cha mtandao kinazimika, kifaa hakisikiki tena. Seva haina kipimo kipya, kwa hiyo ukurasa unaendelea kuonyesha kile cha mwisho ulichopata: nyuzi 2, kwa rangi ya kijani. Mwenye mali anafungua simu saa sita usiku, anaona kijani, analala. Joto linapanda usiku kucha na hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Ukurasa ulionyesha ujumbe wa mwisho, ukamwacha msomaji adhani ni hali ya sasa.

Dawa yake haina gharama, ila ni lazima iamuliwe tangu mwanzo. Kila kipimo kinachoonyeshwa kiandikwe na umri wake: "nyuzi 2, dakika 4 zilizopita". Umri ukipita mara mbili au tatu ya muda ambao kifaa kilipaswa kutuma, kijani kiondoke chenyewe, namba ififie, na mahali pake paandikwe "hakijasikika tangu saa 4:00 usiku". Kimya kiwe hali inayojitegemea, yenye sura yake, tofauti na nzuri na tofauti na mbaya. Katika MQTT lipo hata jambo linaloitwa wosia: kifaa kinapoingia mtandaoni huacha ujumbe kwa seva, utangazwe iwapo kitatoweka bila kuaga. Seva husubiri muda wa mara moja na nusu ya kipindi walichokubaliana, kisha hutangaza. Anayeuza vihisi asiyetumia wosia huo, au kitu kinachofanana nao, aulizwe sababu.

Hali ya nne ni ya kifaa kinachosema upuuzi. Kipimajoto cha DS18B20, kimojawapo kati ya vile vinavyotumika sana kwa kuwa ni cha bei ndogo, hutoa nyuzi 85 kinapowashwa kabla hakijapima chochote. Programu moja maarufu ya kukisoma hurudisha nyuzi 127 chini ya sifuri waya unapokatika. Namba hizo zikipelekwa moja kwa moja kwenye grafu, mstari wa chumba kinachocheza kati ya nyuzi 1 na 4 hubanwa ukawa kama uzi ulionyooka, maana mchoro umelazimika kuchukua nafasi kutoka 127 chini hadi 85 juu. Zikipelekwa kwenye kengele, humwamsha mtu bure. Seva izitambue na kuandika "kihisi kina hitilafu". Isizifiche pia, kwa kuwa waya uliokatika ni habari anayoihitaji fundi.

Tena rangi peke yake haitoshi. Takriban mwanamume mmoja kati ya 12 wenye asili ya Ulaya Kaskazini hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwa Waafrika uwiano ni mdogo zaidi, lakini wapo, na jua la mchana kwenye kioo cha simu huwafanya wote wawe hivyo. Neno na alama viandamane na rangi.

Wastani unavyoficha hasara

Hesabu ya vipimo ni rahisi. Kifaa kinachopima kila dakika tano hutoa vipimo 288 kwa siku. Vifaa 40 hutoa 11,520, na kwa mwaka zaidi ya milioni 4.2. Kuvihifadhi si shida kwa kompyuta ya kawaida. Shida ni kuvionyesha. Kifaa kimoja kwa mwaka kina vipimo 105,120, ilhali kioo cha simu kina upana wa nukta mia chache au elfu moja na zaidi. Kila nukta moja lazima ibebe vipimo vingi, na hapo mbunifu hulazimika kuchagua cha kubakiza.

Wengi huchagua wastani bila kufikiri. Chukua jokofu la dawa ambalo chanjo zake zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa dakika 45 joto lilikuwa nyuzi 4, na kwa dakika 15 lilikuwa nyuzi 12. Hivyo ni vipimo tisa vya 4 na vitatu vya 12; jumla yake ni 72, ukigawa kwa 12 unapata wastani wa nyuzi 6. Kwenye grafu ya saa hadi saa jokofu hilo halina doa. Wastani wa siku nzima utalisafisha zaidi. Mwenye duka ataonyesha karatasi ya mwezi yenye mstari mzuri chini ya 8, na mkaguzi ataridhika, na dawa zile zile zitauzwa.

Grafu ya haki hubakiza mambo matatu kwa kila kipande cha muda: kipimo cha chini kabisa, cha juu kabisa na wastani. Cha chini na cha juu huchorwa kama utepe hafifu, wastani hupita kati yake kama mstari. Kilele cha dakika 15 kitaonekana hata mtu akitazama mwaka mzima. RRDtool iliruhusu kuhifadhi hivyo tangu zamani, kwa hiyo hakuna kisingizio cha teknolojia. Pamoja na hayo ukurasa uandike kwa maneno kile ambacho mwenye mali anakihitaji zaidi kuliko mchoro wowote: jumla ya dakika zilizopita nje ya mipaka kwa mwezi huo, na lini.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni ya kweli. Hewa ya ndani ya jokofu hupanda haraka mlango ukifunguliwa, lakini chupa ya dawa haipati joto kwa kasi hiyo. Ndiyo maana katika majokofu ya chanjo kihisi mara nyingi hutumbukizwa ndani ya kichupa cha glaikoli, ili kipime kitu kinachofanana na dawa badala ya upepo. Suala la kelele za mlango litatuliwe hapo, kwenye kichupa. Kulitatua kwa wastani kwenye grafu ni kufunika moshi.

Jambo la mwisho kuhusu grafu ni pengo. Kifaa kikinyamaza kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, programu nyingi huunganisha nukta ya mwisho na ya kwanza kwa mstari ulionyooka, kana kwamba kuna mtu aliyepima katikati. Mstari huo ni uongo. Pengo liachwe wazi, au liwekewe kivuli. Vifaa vizuri vina kumbukumbu ndani yake, hivyo mtandao ukirudi hutuma vipimo vyote vya usiku kwa mkupuo. Hapo ukurasa lazima uvipange kwa saa viliyopimwa, siyo saa vilipofika, vinginevyo usiku mzima utaonekana umetokea ndani ya dakika moja ya alfajiri.

Na saa zenyewe zinahitaji uangalifu. Seva nyingi huhifadhi muda kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kipimo cha 18:00 cha seva ni 21:00 ya Dar es Salaam na Nairobi, ambayo mlinzi anaijua kama saa tatu usiku. Ukurasa ukiandika "saa 9" bila kufafanua, mmoja ataelewa saa tatu ya kwake na mwingine saa tisa mchana. Watakapobishana nani alikuwa zamu, mali imeshaharibika. Iandikwe 21:00, au iandikwe saa tatu usiku, lakini ukurasa wote ufuate mtindo mmoja.

Kengele nyingi ni sawa na kutokuwa na kengele

Tarehe 24 Julai 1994 kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, kililipuka na watu 26 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza uligundua kwamba katika dakika 11 za mwisho wasimamizi wawili walipaswa kutambua, kupokea na kushughulikia kengele 275. Hakuna binadamu anayeweza. Uchunguzi huo uligundua mengine mawili yanayohusu somo hili: vali moja ilikuwa imefungwa ilhali mfumo ulionyesha iko wazi, na vioo vya wasimamizi havikuwa na picha moja ya kuonyesha mtambo mzima kwa ujumla. Kila kioo kilionyesha kipande chake. Mwongozo wa EEMUA uliotolewa Uingereza mwaka 1999 ulikuja na kipimo kwamba mtu mmoja huweza kushughulikia wastani wa kengele isiyozidi moja kwa dakika kumi.

Mwenye chumba cha baridi hana kengele 275, ila ana ujumbe mfupi wa simu unaoingia mara kwa mara mpaka anauzima sauti. Chanzo chake kikubwa ni mpaka mmoja mkali. Kengele ikiwekwa ilie kwenye nyuzi 8 na joto likicheza kati ya 7.9 na 8.1, italia na kunyamaza mara ishirini kwa saa. Kwa hiyo mipaka iwe miwili: ilie joto likipita 8, isitangaze nafuu mpaka lishuke chini ya 7. Tena isilie papo hapo. Kwa friza ya samaki mlango ukiwa wazi wakati wa kupakia, kuchelewesha kwa dakika 15 hakupotezi kitu. Kwa tangi la maziwa muda huo unaweza kuwa tofauti, na mwenye mali ndiye anayeujua, siyo mbunifu aliye mjini.

Umeme wa ghala zima ukikatika, vifaa 40 vitanyamaza kwa pamoja. Mfumo usiotumia akili utatuma ujumbe 40. Mfumo uliofikiriwa utatuma mmoja: "Ghala la Chang'ombe, vifaa vyote 40 havisikiki tangu 22:05." Mtu akiupokea huelewa mara moja kwamba tatizo ni umeme au mtandao, wala si samaki. Hapo atampigia mlinzi awashe jenereta.

Kisha kuna swali la nani anaamshwa. Ujumbe uende kwa mtu mmoja aliye zamu, mwenye kitufe cha kujibu "nimepokea". Asipojibu ndani ya muda uliowekwa, uende kwa wa pili, halafu kwa mwenye mali. Ujumbe unaotumwa kwa watu watano kwa mpigo huachwa na wote watano, kila mmoja akidhani mwenzake ameinuka. Na ndani ya ujumbe kuwe na kitu cha kufanya, pamoja na mahali, kipimo na muda uliopita. "Tahadhari: kifaa 0x3F kimevuka kiwango" ni maandishi ya fundi kwa fundi.

Kwa sababu hiyo ukurasa wa kwanza usiwe ramani. Ramani inapendeza kwa mwekezaji, lakini mwenye maghala matatu anajua yaliko. Anachohitaji ni orodha ya vitu vyenye shida vikiwa juu, vimya vikifuata, na vizuri vikiwa vimekunjwa chini kwa idadi tu. Kusiwe na cha kutafuta. Mipimo ya mshale ya dashibodi nayo hula nafasi kubwa kwa namba moja, na haisemi joto linapanda au linashuka. Kijimstari kidogo cha saa 24 zilizopita kando ya namba husema mengi zaidi kwa nafasi ndogo. Na ukurasa uwe mwepesi. Msimamizi wa ghala anayetumia bando la siku hawezi kungoja picha za megabaiti tano ili aone namba mbili.

Fedha inatoka wapi

Mwekezaji azingatie kwamba kifaa chenyewe mara nyingi si gharama kubwa. Gharama ni safari za fundi, laini za simu za kila mwezi, betri, na kuhakiki vipimo. Kipimajoto cha bei ndogo kama kile cha DS18B20 kina usahihi wa nusu nyuzi juu au chini, jambo linalotosha kwa vyumba vingi, lakini hakuna ajuaye kama bado kiko sahihi baada ya miaka miwili mpaka kihakikiwe. Njia rahisi ni kukitumbukiza kwenye maji yaliyochanganyika na barafu iliyosagwa, ambako kinapaswa kusoma sifuri. Ukurasa mzuri huonyesha tarehe ya uhakiki wa mwisho kando ya kila kifaa. Tarehe hiyo ikikosekana, grafu zote zinasimama juu ya mchanga.

Kwa mahindi suala ni unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi huota ukungu wa sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu iliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya na 125 wakafariki. Tanzania ina sheria ya stakabadhi za ghala tangu mwaka 2005, na mwenye stakabadhi anashika karatasi ya mali ambayo hajaiona kwa macho. Rekodi ya vihisi isiyofichwa na wastani, yenye mapengo yaliyoachwa wazi, ingeipa karatasi hiyo uzito mbele ya mnunuzi na benki. Rekodi iliyopambwa itaipunguzia uzito siku ya mgogoro wa kwanza.

Mfano wa biashara yenyewe upo Kyuso, Kitui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa ndani ya mikono ya pampu za visima. Kifaa kilihesabu mwendo wa mkono na kutuma ujumbe kwa simu, hivyo pampu isiyotumika ilijulikana. Muda wa wastani wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku tatu. Kilichopunguza siku hizo ni fundi aliyeondoka na spana pale ujumbe ulipoonyesha tatizo. Kioo kilimwambia aende wapi. Wanavijiji walikuwa tayari kulipia maji yanayotoka. Kampuni isiyo na fundi, inayouza kioo pekee, itakuwa na wateja mpaka hitilafu ya kwanza.

Pia mwenye mali aulize seva ni ya nani. Mwaka 2016 kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya kampuni mama ya Google, ilizima seva za kifaa cha nyumbani kiitwacho Revolv, na vifaa ambavyo watu walikuwa wamevinunua vikawa visanduku visivyo na kazi. Google yenyewe ilifunga huduma yake ya kuunganishia vifaa, IoT Core, Agosti 2023, baada ya kutoa taarifa ya mwaka mmoja. Kama wakubwa hao hufunga, kampuni ya vijana sita hufunga pia. Mkataba uruhusu mteja kupakua vipimo vyake vyote kwa faili la kawaida la jedwali wakati wowote, na kifaa kiweze kuelekezwa kwenye seva nyingine.

Upande wa usalama, kubwa kuliko yote ni neno la siri la kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na visanduku vya kurekodi kwa maelfu kwa kujaribu orodha fupi ya maneno ya siri ambayo wenyewe hawakuyabadilisha, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo ikaangusha kampuni ya Dyn, hivyo tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Kila kifaa kiwe na neno lake, na ukurasa wa kutazama utenganishwe na ukurasa wa kuamuru. Mlinzi anaweza kuona joto bila kuwa na uwezo wa kuzima mtambo.

Kabla ya kutia saini

Mnunuzi au mwekezaji hahitaji kujua kuandika programu ili apime bidhaa hii. Aombe kifaa kimoja kiwekwe ndani ya friza ya kawaida kwa wiki moja, kwa gharama ya muuzaji. Siku ya Jumamosi usiku achomoe kisanduku cha mtandao bila kumwambia mtu, kisha ahesabu dakika hadi kijani kitakapoondoka kwenye simu yake. Akirudishe asubuhi na aangalie kama vipimo vya usiku vimerudi mahali pake, au kama mstari umenyooshwa kupita juu ya pengo. Siku nyingine aache mlango wazi dakika 15, afunge, kisha afungue grafu ya wiki nzima na kutafuta kilele hicho. Ahesabu ujumbe mfupi ulioingia, na uliwafikia wangapi. Mwisho aombe faili la vipimo vyote vya wiki hiyo na kulinganisha na kile kilichoonyeshwa kwenye kioo. Bei ijadiliwe Jumatatu.